Uzinduzi wa Gemu la Familia katika Sebule Isiyo na Viti

Mheshimiwa sana Mama yangu mzazi, mlezi wa ukoo, mgeni rasmi na mwenyeji rasmi kwa wakati mmoja, uliyekalia kigoda cha cherehani kwa sababu nitakazozieleza. Mheshimiwa Mama Watoto, fundi cherehani bingwa, mhimili wa uchumi wa nyumba hii ingawa msemaji wa uchumi ni mimi. Mheshimiwa Shemeji, kaka wa Mama Watoto, uliyekuja kututembelea wiki moja na sasa unajua zilipo funguo zote. Mheshimiwa Kitinda Mimba, binti yangu, mwakilishi wa vijana, wanafunzi na wote wasioruhusiwa kushika rimoti. Ndugu Jirani uliyesimama dirishani, ambaye hukualikwa lakini itifaki imekuona. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja. Ni msemaji mwenyewe.)

Ndugu wadau, nimesimama mbele yenu, na ninyi mmesimama mbele yangu maana pa kukaa hapapo, nikiwa na furaha isiyopimika kwa rula wala kwa mizani, kuzindua rasmi Mradi wa Gemu la Mwendo kwa Familia Nzima, kwa kifupi MGEMFANZI, yaani ule mtambo wa kisasa unaochomekwa kwenye televisheni, ukishika kirungu chake ukatupa mkono hivi, na yule mtu aliye kwenye kioo naye anatupa mkono hivi hivi, mnacheza tenisi bila kutoka nje, mnatoka jasho bila kushika jembe. (Anatupa mkono. Koti jipya linamkaba kwapani. Anaurudisha mkono taratibu, kama mtu aliyempungia asiyemjua.)

(Mama Watoto: "Hilo koti kashona nani? Mshono wa kwapa huo haufiki jioni.")

Swali zuri sana, Mheshimiwa, na litajibiwa kwenye kipengele cha Matumizi Mengineyo.

Kwa muktadha huo basi, ni vyema tukajikumbusha tulikotoka. Mama alipoteleza bafuni na bega lake la kulia likagoma, daktari wa viungo aliagiza mkono ule uinuliwe kila siku mpaka upite kichwa, la sivyo utaganda kiunoni na hata kufunga kilemba itakuwa kazi ya kukodi mtu. Mama akakataa katakata, na hapa namnukuu: "Siwezi kukaa nanyoosha mkono hewani kama mwanafunzi anayeomba kwenda chooni." Mwisho wa kunukuu. Lakini siku alipomtembelea shoga yake akamkuta anapigana tenisi na wajukuu mbele ya televisheni, alirudi nyumbani macho yanang'aa, akasema, "Kile nitakicheza." Ndipo familia ikaungana kama kidole na pete: Mama Watoto akachanga pesa za mashono, Kitinda Mimba akavunja kopo lake la akiba, Shemeji akachanga ushauri, na mfuko wote ukakabidhiwa kwangu mimi, Afisa Mwandamizi Msaidizi wa Stoo, ninayesimamia viti vya idara nzima, na haijapata kutokea kiti kikapotea mimi nisijue kilikokwenda.

(Shemeji: "Hilo tunaliamini." Kicheko.)

Asante, Shemeji. Sasa, ndugu zangu, mtu ambaye hakupitia semina anadhani gemu linanunuliwa dukani: unaingia, unalipa, unatoka nalo kwapani. Huo ni uholela! Serikali, yaani mimi, haifanyi kazi hivyo. Kuna mchakato. Tulianza na upembuzi yakinifu, tukaunda kamati ambayo mwenyekiti wake ni mimi na katibu wake ni mimi, na akidi ilitimia kila kikao, kisha kamati ikaona hatuwezi kununua kitu tusichokijua, ikamtuma mwenyekiti wake katika ziara ya mafunzo nyumbani kwa dereva wetu wa ofisini, ambaye anao mtambo kama huo, na huko, kwa kila mwisho wa juma, nilicheza tenisi, nikacheza ndondi, nikaviringisha tufe kuangusha vile vichupa, nikateleza kwenye theluji ambayo hata sijui inashikwaje, yote hayo kwa niaba yenu, ili kama kuna kuumia niumie mimi.

(Kitinda Mimba: "Baba! Si ulituaga unakwenda msibani?")

Nilikuwa na majonzi ya kuwa mbali nanyi, binti yangu. Tofauti ni ndogo. (Minong'ono.)

Awamu ya pili ilikuwa ni uandaaji wa eneo la mradi. Wataalamu wa mambo ya utaalamu wanasema gemu la mwendo linataka nafasi, kwa sababu mchezaji akipandwa na mori anaweza kumtandika jamaa yake kibao ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Hivyo tuliondoa meza ya kioo, tukaondoa kabati la vyombo, na makochi yote tukamkabidhi Jirani kwa utaratibu wa muda.

(Jirani, dirishani: "Makochi mazuri sana hayo. Tumeshayazoea.")

Nashukuru kwa utunzaji. Tukaihamisha na cherehani ya Mama Watoto kutoka pale kwenye mwanga wa dirisha, tukaipeleka kule kwenye kichochoro cha kuendea bafuni, ambako hewa ni safi kiasi na mteja anapimwa kiuno huku akimpisha mtu na ndoo yake.

(Mama Watoto: "Wateja wangu wawili wamehamia kwa fundi mwingine.")

Hao hawakuwa wateja wa kimkakati, Mheshimiwa. Tusonge mbele.

Awamu ya tatu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini maana ndipo ilipo hekima yangu, ilikuwa ni kuwajengea wadau uwezo. Nilisema, haiwezekani mtambo ufike ukute watu hawajui kutupa mkono! Nikaagiza kila mmoja ashike mwiko wa jikoni, asimame mbele ya televisheni ikiwa imezimwa, aanze mazoezi ya utayari. Na kila jioni mkacheza. Shemeji, kwa kipaji chake, alijitolea kuwa sauti ya mpira: mtu akipiga, yeye anasema "Po!" Kitinda Mimba akawa refa. Na mchezo ukanoga, ukanoga mpaka siku ile Mama na Shemeji walinuniana kuanzia chai ya jioni hadi chai ya asubuhi, Mama anasema mpira ulidunda ndani ya mstari, Shemeji anasema ulitoka nje, na mimi mwenyekiti nikapiga magoti kwenye sakafu na tochi, kutafuta alama ya mpira ambao haupo pembeni mwa mstari ambao haupo.

(Shemeji: "Ulitoka nje! Mimi ndiye niliyekuwa mpira, nisijue?")

(Mama Mzazi: "Ulikuwa ndani, wewe mwongo. Subiri mtambo ufungwe, tutaona leo.")

Naomba utulivu ukumbini. Takwimu hazidanganyi: kabla ya mradi, mkono wa Mama uliishia kiunoni. Baada ya robo ya kwanza ya utekelezaji ukafika kifuani. Leo hii uko begani, ongezeko la asilimia mia moja na arobaini, na nimekokotoa mwenyewe. (Makofi. Mama Mzazi anauinua mwiko wake hadi begani, unaishia hapo. Anajaribu tena. Unaishia hapo hapo. Anaushusha.) Ni kweli, kichwa bado hakijafikiwa, na ni kweli pia daktari alisema usipopita kichwa kufikia kliniki ya wiki ijayo basi tena, lakini hiyo si kasoro, hiyo ni changamoto, na changamoto ni fursa iliyovaa nguo za kazini.

(Mama Mzazi: "Mwanangu, maneno mengi. Fungua hilo sanduku ulilolifunika kitambaa, nicheze.")

Tunalielekea, Mama. Nije sasa kwenye Matumizi Mengineyo. Kamati ilijiuliza: je, ni heshima kuzindua mradi mkubwa kiasi hiki kwa shati la kushindia? Kamati ikajijibu. Likanunuliwa koti, hili mnaloliona, dukani, tena haraka, kwa sababu kumpa Mama Watoto alishone kungeleta mgongano wa maslahi. Ukanunuliwa utepe. Ikanunuliwa na soda ya mwenyekiti. Na hapo, ndugu wadau, kwa uwazi na uwajibikaji ambao ni desturi yangu tangu shule ya msingi nilipokuwa kiranja wa chaki, natangaza kwamba fungu lilitumika lote, hakikubaki hata kidogo cha kurudisha, na huo ndio unaoitwa ufanisi.

(Jirani anaegemeza viwiko vyote viwili dirishani.)

(Mama Watoto: "Baba Watoto. Lilitumika lote kununua nini?")

Nimeshasema, Mheshimiwa: mchakato. Sasa tuamshane! Nikisema "Familia," mnasema "Mbele kwa mwendo!" Familia! ("Mbele kwa mwendo," anasema Jirani peke yake.) Nikisema "Gemu," mnasema "Ni letu sote!" Gemu! (Shemeji anamtazama dada yake. Dada yake analitazama koti.) Nikisema "Mwenyekiti," mnasema... basi, hilo tuliache, muda ni mali.

Kwa kuhitimisha, sina budi kuwashukuru nyote kwa moyo mkunjufu: nakushukuru Mama Watoto kwa kushona gizani, nakushukuru Kitinda Mimba kwa kopo lako, namshukuru Jirani kwa kukalia makochi yetu bila kuchoka, na kwa namna ya kipekee nakushukuru Mama yangu mzazi kwa kusubiri kwa subira na mwiko mkononi mtambo ambao, kwa mujibu wa taarifa za uhakika nilizonazo mimi mwenyewe, haujanunuliwa, haukupata kuagizwa, wala duka lenyewe sijawahi kulikanyaga, na sasa, kwa heshima na taadhima, namwomba mgeni rasmi akate utepe, afunue sanduku hili, atuwekee jiwe la msingi la mradi.

(Kitinda Mimba, kwa niaba ya bibi yake, anakata utepe kwa mkasi wa mama yake na kufunua kitambaa. Ndani ya sanduku kuna tofali moja. Limepakwa chokaa, limeandikwa tarehe ya leo kwa kalamu ya ofisini.)

(Mama Mzazi anasimama. Kigoda kinaanguka. "Wewe mtoto," anasema, "nilikubeba mgongoni.")

Mama, tufuate itifaki... Mama, huo mwiko...

(Mwiko unapanda. Unapita kifua. Unafika begani, na hauishii hapo. Unapita sikio, unapita kilemba, unasimama juu kabisa, mkono umenyooka kama mlingoti. Mama Watoto anaziba mdomo kwa viganja viwili.)

Mabibi na mabwana, mmeona! Umepita kichwa! Andikeni! Mradi umekamilika kwa asilimia mia moja kabla ya kununuliwa, nani mwingine kawahi...

(Mwiko unashuka.)

("Po!" Shemeji anasema.)

(Mwenyekiti anainua mikono yote miwili kujikinga, na koti linapasuka kwapa zote mbili, krrr, kama Mama Watoto alivyosema. Kitinda Mimba anauliza kama ni pointi. Shemeji anainama, analikagua paji la uso la mwenyekiti, analitazama kwa makini kama mtu anayetafuta mstari.)

("Leo nakubali, mama," anasema. "Ulikuwa ndani.")