Mkaa Ahamia Ndani

Dodoma, Jumatatu, 3 Julai 1911
Habari mbaya. Stesheni itabakisha karani mmoja tu. Wa pili atapelekwa kambi ya reli huko Saranda, kwenye mahema na homa. Ni mimi au Mustapha wa Kondoa. Mustapha ana mwandiko kama wa kuchapwa. Mimi nina mke, Anyesi, mimba ya miezi minane. Siendi!

Lakini leo nimegundua jambo. Bwana wa stesheni, Mdachi, ana mbwa mfupi wa miguu, mrefu wa tumbo. Analala ndani! Kitandani! Mpishi wake ameniapia. Mtu wa namna hiyo atampenda karani gani? Mwenye mbwa ndani. Na Mustapha, Mwislamu safi, mbwa hamgusi. Nimeshinda tayari.

Jumanne, 4 Julai
Nimemwingiza Mkaa, mbwa wetu wa kulinda mbuzi. Hakutaka. Tangu enzi za babu zetu mbwa hulala zizini. Akivuka kizingiti, fimbo. Alijua sheria. Nikambeba. Anyesi akauliza mbuzi watalindwa na nani. Nikamjibu kwamba huu ni ustaarabu. Akasema ustaarabu una viroboto.

Nilitaka kumpa jina jipya, Kaiza, kama mfalme wa Wadachi. Anyesi akauliza kama nimeichoka ngozi ya mgongo wangu. Basi, Mkaa.

Alhamisi, 6 Julai
Nimemwogesha kwa sabuni. Akaniuma kidole, kisha akakilamba. Kutwa anakaa mlangoni, anatazama zizi, analia kidogo kidogo. Roho iliniuma. Nikafunga mlango.

Jumamosi, 8 Julai
Maafa! Alfajiri fisi kaingia zizini, kachukua beberu wa mama mkwe. Mkaa alibweka mpaka sauti ikakauka, akaparura mlango kwa kucha. Nilidhani anaota!

Mama mkwe amekuja. Nikamwamkia kwa adabu zote. Akanipita. Akamwambia Anyesi, nami nimesimama pale pale: “Muulize mumeo, leo zizini analala nani?”

Jumapili, 9 Julai
Nimelala mimi. Mkaa kalala ndani. Mbuzi wananuka.

Jumatatu, 10 Julai
Bwana amekuja kukagua nyumba za makarani. Nikamwonyesha Mkaa juu ya mkeka, mkanda wangu wa suruali shingoni. Bwana akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema mbwa wake hulala ndani kwa sababu chui wameshamlia wawili. Kwao Ulaya, mbwa wa baba yake hulala bandani na ng'ombe.

Mkaa akaona mlango wazi. Akachomoka mpaka kwa mbuzi, na mkanda wangu. Nimemuaga Bwana kwa mkono mmoja, wa pili umeshika suruali.

Jumatano, 12 Julai
Nabaki Dodoma! Mustapha ndiye anayekwenda, na kaomba mwenyewe. Amemwambia Bwana kwamba yeye hajaoa, mwenzake anangoja mtoto. Alikuja kuaga, kasimama mbali na Mkaa, kamletea Anyesi kanga ya kumbebea mtoto. Akasema, “Filipo, mtunze dada yangu.” Ndivyo amwitavyo Anyesi; naye alilia. Nami pia, kidogo.

Lakini tuseme kweli: ni mbwa aliyefanya kazi. Bwana alicheka, na anayecheka ameshapenda. Sasa mpishi anasema mke wa Bwana yuko njiani kutoka Ulaya, na ndege wake hulala chumbani. Ndege! Kesho nakwenda Bahi, kwenye bwawa, kumkamata korongo. Mkubwa, mwenye shingo. Anyesi nitamwambia korongo akishaingia ndani.