Viatu vya Marehemu Baba

Jumanne, 10 Juni 1986. Rugu.
Jumapili wazee wa ukoo wanaondoa matanga ya baba na kumtaja mrithi wa kibanja, shamba letu la migomba. Mimi Anastazi ndiye mkubwa, lakini naogopa. Wanampenda mdogo wangu Ndyamukama, eti hana makuu. Leo nimepata dawa yao. Nimetoa uvunguni viatu vya baba, vile vya ngozi ya kahawia. Wakiniona navyo, nani atabisha? Vyenyewe ni namba saba. Mimi navaa tisa. Nimeingiza miguu kwa sabuni.

Jumatano, 11 Juni.
Nimevizoeza migombani. Vidole vimebanana kama maharage kwenye ganda. Baada ya muda nikajikuta naburuza mguu wa kushoto. Baba aliburuza huo huo. Mbwa wake, ambaye tangu mazishi hajabanduka kaburini, akainuka akanifuata, hatua tatu nyuma, kama alivyomfuata yeye. Nikamtupia jiwe. Hakukimbia.

Alhamisi, 12 Juni.
Ukungu asubuhi. Shangazi Kokubanza alikuwa akimenya ndizi uani, kanipa mgongo. Nikapita nikiburuza mguu. Bila kugeuka akasema shikamoo kaka, mbona umechelewa. Kisha akageuka, kisu kikamtoka mkononi. Niliogopa, sifichi. Halafu nikafurahi. Mmoja ameshanikubali.

Ijumaa, 13 Juni.
Kwa lori la kahawa hadi Kayanga, kwa Celestin fundi viatu, avipanue. Akatazama miguu yangu, akaguna. Akasema vidole vinataka nafasi mbele, kisigino kishikwe, na kiatu kikunjike pale mguu unapokunjika. La sivyo mguu hujifunza kilema. Akaongeza kuwa hata baba vilimbana. Kweli, alivirithi kwa babu. Na babu naye alichechemea kushoto! Sisi tulidhani ni damu ya ukoo.
Fundi akaingiza mkono ndani, akautoa upesi. Alama za vidole alizozipapasa humo ni za mguu mwembamba mno, akasema, si wa mtu wa kwetu. Akauliza babu alivipata wapi. Sijui. Hakutaka kuvigusa tena. Akanishauri nitembee peku mpaka nipate vya kunitosha. Fundi mvivu.

Jumapili, 15 Juni.
Niliingia kwenye matanga nikiburuza mguu, mbwa nyuma. Mzee Aristides, mkuu wa ukoo, akauliza nani kanivisha vitu vya marehemu kabla matanga hayajaondolewa. Anayejivisha mwenyewe, akasema, amejihesabu upande wa marehemu. Na marehemu harithi. Kibanja kikaenda kwa Ndyamukama, aliyekuja peku. Mimi nikaachiwa viatu. Nililia mbele ya wakwe.

Jumatatu, 16 Juni.
Kucha mbili zimeng'oka. Jana niliviweka viatu uvunguni, ncha zikielekea ukutani. Asubuhi nimezikuta zimeelekea mlangoni, na mbwa kalala kando yake. Nilikaa kitandani muda mrefu, sikuthubutu kushusha miguu.
Kisha nikaelewa. Ni ishara. Vinataka safari. Kesho naenda Kayanga kukata rufaa mahakamani, kwa miguu, nikiwa navyo. Bila zile kucha vitanienea vizuri zaidi.