Jino la Daktari na Fomu Zangu Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Miaka kumi na tisa nachonga meno ya bandia kwa mikono. Leo Daktari kaniita. Eti meno yote ya kupandikiza sasa atayapima fundi mpya, msichana ninayemwita Binti Kamera: anapitisha kijikamera kinywani, kompyuta inachora, mashine inachonga. Hakuna tena kung'ata plasta ili kupata umbo la meno. Meza yangu itaondolewa, pawekwe birika la chai. Nikaomba tuwasikilize wagonjwa kwanza. Kakubali. Fomu ya maoni nitaandaa mimi.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Wagonjwa wa Binti Kamera wametia tano juu ya tano, wote. Mgonjwa wangu mmoja, mzee, kanipa moja, akaongeza pembeni kwamba plasta ilimkaba hadi akamwita marehemu mama yake. Mke wangu akasema ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Sikumwomba methali.

Jumatano, 5 Machi
Nimechapa fomu mpya. Moja: nimeridhika sana. Tano: sijaridhika kabisa. Watu hawasomi! Wa kamera wakatia tano zao huku wakichekea kioo. Wangu wakatia moja huku wameshika shavu. Sijasema uongo hata mmoja.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari kasoma muhtasari nilioandika wa matokeo, kanikumbatia. Kisha akasema yeye mwenyewe ana pengo, skrubu imeshashika kwenye taya, basi jino lake nilitengeneze mimi. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu.

Ijumaa, 7 Machi
Jino limetoka refu. Daktari alipong'ata, meno mengine yakabaki yanatazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Akanifokea, ila mdomo haufungi, sikuambulia neno. Nikamshukuru. Binti Kamera akampima kwa dakika tatu. Saa tisa Daktari anatafuna tufaha mbele yangu, kachu, kachu. Kisha akaomba fomu aijaze. Bahati mbaya yeye husoma.

Jumamosi, 8 Machi
Nimevuliwa kazi ya maoni. Meza imekwenda, birika limekaa. Nilikuwa nifukuzwe kabisa, Binti Kamera akaniombea. Atanifundisha kamera. Ananiita kaka, ananielekeza taratibu, bila kejeli. Nikaona aibu, dakika kumi hivi.

Wakati wa kurudi nyumbani nikakuta tangazo mlangoni kwa daktari wa macho, mtaa wa pili. Anatafuta mtu wa kukusanya maoni ya wagonjwa. Wagonjwa wa macho! Barua nimeshapeleka. Nimejieleza kuwa mzoefu.