Wagonjwa Sitini wa Foleni

Jumatatu, 3 Machi
Mada ya utafiti wangu imepita: je, kusubiri foleni kunapandisha presha? Wagonjwa sitini, fomu sitini, ripoti Ijumaa. Nikishindwa, narudia mwaka. Msimamizi wangu, daktari wa moyo, kasema foleni ya kliniki huanza saa kumi na mbili asubuhi. Asubuhi! Miwani, mwanafunzi mwenzangu, ameshapima arobaini na mmoja. Kiherehere tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamka saa nne. Foleni imekwisha. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nyumbani yupo shangazi. Ana mkono, ana damu. Nimempima mara thelathini. Majina, umri na uzito nimebuni. Kalalamika kichwa kinamgonga upande wa kushoto. Nimeandika hivyo kwenye fomu zote. Uaminifu ni muhimu.

Jumatano, 5 Machi
Dhamiri imenisuta: shangazi hakuwa kwenye foleni. Nikajifungia bafuni nusu saa, yeye akingoja mlangoni na taulo begani. Nilipotoka nikampima hapohapo, mara thelathini. Presha juu. Nadharia imethibitika. Shangazi kasema mimi ni wa kwanza kwenye ukoo kusomea udaktari, na pengine wa mwisho.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewasilisha. Msimamizi kasoma fomu zote, kisha kauliza huyu mtu ni nani. Nikauliza yupi, maana wako sitini. Kasema vijana, wazee, mjamzito na fundi bomba, wote kichwa kinawagonga kushoto, wote presha mia na themanini. Huyo mmoja, awe yeyote, anatakiwa hospitali leo hii. Nimeogopa kweli. Nimekimbia mpaka nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi
Shangazi kalazwa. Wanasema angechelewa kidogo, angepata kiharusi. Nimelia kwenye korido bila kuona haya. Yeye anawaambia wauguzi kwamba mtoto wa kaka yake ndiye aliyeugundua ugonjwa. Sikutaka kumbishia mgonjwa.

Jumatatu, 10 Machi
Msimamizi kanipa wiki mbili nianze upya, na bado hajaamua kama atanishtaki kwa mkuu wa chuo. Shangazi karudi, anacheka, lakini kwa utafiti hafai tena, presha imeshuka. Nimekaa nikajitafakari kwa kina. Kosa langu nimeliona: mtu mmoja hatoshi. Safari hii mjomba amekubali fomu thelathini, na mkewe thelathini.