Harufu Iliyosingiziwa Fenesi

Nyamazeni, enyi wa Chakol na Angurai, nanyi mliotoka Marachi na mizigo kichwani! Zimeni injini, enyi madereva wa malori mliolala kwenye foleni ya Malaba tangu juzi, kwa maana foleni haisogei na kisa hiki kinasogea. Nawasimulia vita vya Adeke binti Alinga, mjamzito wa miezi minane, aliyepigana na harufu, tena akapigana nayo huku ana mume.

Mume mwenyewe ndiye Mulama, Simba wa Forodha, Bwana wa Mihuri Mitatu, ajenti wa kupitisha mizigo mpakani, ambaye hajakosea tangu azaliwe, kwa ushahidi wake mwenyewe. Alikuwa na gari la kijivu, akalivisha nailoni kuanzia viti hadi sakafuni siku aliyolinunua, na kwa miaka minne hakuna mkono wa mwanadamu uliothubutu kuichana. Abiria waliketi juu yake wakitota jasho, wakashuka wakisema asante.

Basi siku moja ikaingia garini harufu. Ilikuwa tamu, tamu ya kuchefua, na kioo cha mbele kikawa na ukungu wa mafuta usiofutika. Mulama akavuta pumzi mara tatu kama jaji, akakumbuka kwamba Adeke alimbeba mama yake kwa gari hilo kutoka soko la Malaba pamoja na mafenesi mawili ya Uganda. Jumapili, uani kwa kanisa, mbele ya wanakwaya wote, akainua mkono akatoa hukumu.

"Wapendwa," akanguruma, "gari yangu imeharibika! Na imeharibiwa na nini? Na fenesi ya mama mkwe! Si ajali, si mwizi. Fenesi!"

Watu wakacheka. Maneno yakafika Chakol kabla Mulama hajamaliza chai yake, na jibu la mama mkwe huyo, Mama Alinga, likarudi jioni ile ile: "Sitakanyaga boma ambamo jina langu linanuka. Huyo mtoto akizaliwa, fenesi imwogeshe."

Adeke alilia. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, naye aliogopa, na mtu mmoja tu duniani aliyemtaka kando yake siku ya kujifungua ni mama yake. Alimsihi Mulama amwombe mama radhi. Mulama akasema Simba haombi radhi kwa tunda.

Badala yake akatangaza vita. Ole, vita gani hivyo! Alisugua nailoni kwa sabuni ya unga. Alikata ndimu kumi na mbili akazipanga kwenye dashibodi kama walinzi. Aliweka sahani ya kahawa chini ya kiti, kahawa ikamwagika. Na kila asubuhi, kabla ya vita kuanza, alifungua boneti, akaona maji ya rejeta yamepungua, akajaza, akafunga, akaendelea kulaani mafenesi. Wiki tatu nzima alifanya hivyo, mtu mwenye diploma.

Ikafika Alhamisi ambapo tumbo la Adeke lilikataa kuingia nyuma ya usukani. Akahamia kiti cha kushoto, Mulama akaendesha, na kwa kuwa miguu ilikuwa imemvimba Adeke, akavua viatu. Ndipo nyayo zake zilipohisi chini ya nailoni kitu cha uvuguvugu, kikisema chubwi, chubwi, kila alipokanyaga.

"Simama," akasema.

"Siwezi kusimama, niko na kliaransi ya mizigo saa nne."

"Mulama, simama!"

Gari likasimama karibu na gereji ya Okedi, fundi wa kando ya barabara. Adeke akaomba kisu, akainama kadiri tumbo lilivyomruhusu, akaichana nailoni.

"Nailoni yangu!" akalia Mulama, kwa sauti ambayo hajawahi kumlilia mtu.

Chini ya nailoni palikuwa na ziwa la kijani. Adeke akachovya kidole, akanusa: utamu ule ule. Okedi akaingiza kichwa na tochi chini ya dashibodi, kisha akatoka akiwa na huruma usoni.

"Boss, hii ni kulanti, maji ya rejeta yenye dawa. Klipu ya paipu ya hita imelegea. Gari inakunywa maji kila siku, na wewe hukujiuliza inakojoa wapi?"

Mulama akatazama lori lililokuwa likipita, akalitazama sana.

Bisibisi ikazunguka mara mbili na nusu. Vita vikaisha.

"Sasa twende Chakol," akasema Adeke. "Na Okedi aje, awe shahidi."

Mkwe na mkwe hawatazamani. Hivyo Mulama alisimama nje ya lango akiupa mgongo ua, na Mama Alinga akaketi mlangoni akiipa mgongo barabara, Adeke akiwa katikati. Mulama akasafisha koo. "Mheshimiwa mama, kufuatia uchunguzi wa kina uliofanyika..."

"Adeke, mwambie huyo mtu aseme maneno mawili tu."

"Haikuwa fenesi," akanong'ona Mulama.

"Mwambie kanisani hakunong'ona."

Mulama akavuta pumzi. "HAIKUWA FENESI!" Wanawake waliokuwa wakipita kutoka sokoni wakageuka, mmoja akapiga kigelegele bila kujua sababu.

Mama Alinga akaingia ndani, akatoka papo hapo na mkoba uliojaa khanga na nguo za mtoto, umefungwa kitambo. Adeke akauona, akalia tena, safari hii kwa furaha.

Na kwa kuwa mama mkwe haketi gari moja na mkwewe, Okedi alishika usukani. Naam, iandikwe, na watoto wa mpakani wafundishwe: siku ile Simba wa Forodha alirudi kwake nyuma ya bodaboda, akila vumbi la gari lake mwenyewe.