Asiyejulikana wa Mkotokuyana

Jumatatu, 9 Juni

Mafunzo ya wadau wa utalii yameanza leo hapa Nachingwea. Nimekaa mstari wa mbele ili nionekane. Mwezeshaji anaitwa Enock, katoka Moshi, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Kasema mgeni hafuati kitanda, anafuata kisa. Nikatafakari. Gesti yangu ina vitanda vitatu. Kisa hakuna hata kimoja.

Doris kakaa nyuma yangu, makusudi. Doris ni mwalimu, kahamishiwa huku kutoka Bukoba, akafungua gesti inayotazamana na yangu, ananimalizia wageni kwa supu. Supu tu!

Enock akataka kila mshiriki ataje kivutio cha kwao. Doris kataja kilima kimoja karibu na shule yake, na picha anazo kwenye simu. Makofi. Zamu yangu ikafika. Sina kitu. Mdomo ukaenda wenyewe. Nikasema shambani kwetu Mkotokuyana kuna kaburi la mpigania uhuru wa Msumbiji, wa enzi za kambi yao hapa Nachingwea, na jina lake halijulikani.

Enock akavua miwani. Kasema Ijumaa twende wote tukalione, na kwamba mshiriki bora ataiwakilisha wilaya kwenye maonesho Arusha. Doris hakupiga makofi. Siku njema sana.

Jumanne, 10 Juni

Sikudanganya kila kitu. Kaburi lipo. Ni la baba.

Baba alikuwa Protasi, seremala. Misalaba yote ya kijiji kachonga yeye. Wa kwake nilichonga mimi, mti mbovu, mchwa wakaumaliza masika ya kwanza. Tangu hapo nasema nitaweka mwingine. Leo uzembe umegeuka mtaji. Kaburi lisilo na jina! Nani mwingine analo?

Nimekuta ng'ombe wa Lubasha wamelala juu yake. Lubasha ni Msukuma, kahamia na familia yake na mifugo, boma lake linapakana na shamba letu. Hakuwahi kumjua baba. Nikamweleza kwamba hapo kalala mpigania uhuru. Akavua kofia. Akaswaga ng'ombe, kisha akakata miiba akazungushia kaburi mwenyewe, mimi nimekaa kivulini. Akauliza jina la marehemu. Nikasema hajulikani. Akanipa pole, kana kwamba nimefiwa.

Jumatano, 11 Juni

Sikwenda mafunzoni. Nimesema malaria. Nilichukua saruji iliyokuwa ya choo cha gesti nikasakafia kaburi. Kazi nzuri. Kabla haijakauka nikaandika kwa msumari: HAPA AMELALA MPIGANIA UHURU ASIYEJULIKANA. Nafasi ikaisha, herufi mbili za mwisho zimeshuka pembeni. Inaonekana ya kale zaidi.

Jioni Doris kanipigia kuniuliza hali ya malaria. Kasema nimekosa mada muhimu. Nikauliza ipi. Maadili ya mwongoza wageni, kasema, akakata simu.

Alhamisi, 12 Juni

Ziara ya kilima cha Doris. Ndani ya gari nikawanong'oneza washiriki kwamba kilima kile kina nyuki wakali. Hakuna aliyeogopa. Nyuki walikuwepo kweli. Wameniuma mimi peke yangu. Jicho la kushoto limeziba.

Lakini habari kubwa ni hii. Asubuhi Enock kahojiwa redioni. Kazungumzia mafunzo kidogo na kaburi langu sana. Hata Mkotokuyana kaitamka vizuri. Nilisikiliza kwa sikio moja, lingine nilikuwa nalo Arusha.

Dada yangu Getruda kaolewa Chunyu, Ruangwa. Sidhani kama wana redio.

Ijumaa, 13 Juni

Tumefika shambani tukamkuta bibi mmoja kakaa ndani ya uzio wa miiba. Nilidhani ni mke wa Lubasha, Minza. Siye. Ni kizee, mweusi wa kukauka, chale za Kimakonde usoni, kifurushi mapajani. Anaitwa Dafrosa. Katoka Mandawa tangu jana, baada ya kusikia redio. Minza kamlaza na kumpa maziwa.

Kiswahili chake ni cha taratibu, anakitafuta. Kaeleza kwamba walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakiwa wadogo, wakikimbia vita. Kaka yake Benedicto akaenda kambini Nachingwea kujifunza bunduki. Hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema. Mama yao alipokuwa anakufa akamwachia neno moja, amtafute. Kaolewa, kazaa, kazika mume. Anatafuta.

Washiriki wote wakanigeukia. Simu juu, zinarekodi. Bibi akanitazama jicho langu zima.

"Mwanangu, huyu wa hapa, wakubwa walikwambia alikuwa mrefu?"

Ningeweza kusema sijui. Sijui ni jibu. Lakini Enock alikuwa kaegemea mbele, na Doris kafunga mikono kifuani, anasubiri nianguke.

"Mrefu," nikasema. "Mrefu sana."

Baba alikuwa mfupi, wakimwita Kibao.

Bibi akafungua kifurushi. Unga wa mtama, wa tambiko. Akaumwaga kidogo kidogo kichwani mwa kaburi, anasema naye Kimakonde, sauti ya mtu anayemgombeza mtoto aliyechelewa. Kisha akajilaza juu ya saruji, shavu chini, urefu wote. Enock akalia. Washiriki wakalia. Hata Doris, na hakujificha.

Nilipaswa kufurahi. Sikupata usingizi wa mchana.

Jumapili, 15 Juni

Picha zimefika Chunyu kwa dada, kupitia simu za wanakwaya. Sikulifikiria hilo.

Getruda kashuka kwenye bodaboda na nguo za kanisani. Mimi ndiye mdogo, nikamwamkia, hakuitikia. Akaenda moja kwa moja kaburini. Bibi Dafrosa alikuwepo anafagia, bado yuko kwa akina Minza, kasema hana haraka tena. Getruda akasoma saruji. Akasoma mara ya pili, akifuata na kidole mpaka zile herufi zilizoshuka.

"Felisian. Baba hajulikani?"

Nikamvuta pembeni. Nikamweleza Arusha, maonesho, gesti, Doris, supu. Nikamwambia baba mwenyewe angecheka. Nikamwambia amtazame yule bibi alivyotulia, sasa ukweli utamsaidia nini? Getruda alinisikiliza mpaka mwisho. Ndiyo tabia yake mbaya. Kisha akaenda, akavua viatu, akakaa chini karibu na bibi, akamshika mkono, akamwambia yote.

Bibi Dafrosa hakulia. Alikaa. Ufagio ulikuwa bado mkononi. Ng'ombe wa Lubasha walipita wote, mpaka wa mwisho, yeye kakaa. Halafu akauliza aliyelala pale ni nani. Getruda akamwambia ni Protasi, seremala, baba yetu. Akauliza kaacha watoto wangapi. Getruda akasema wawili. Bibi akanitazama kwa muda, akarudisha macho kaburini.

"Basi Protasi, pokea wewe. Unga ukishamwagwa haukusanywi."

Akafunga kifurushi. Nikajitolea kumpeleka Mandawa kwa pikipiki. Akasema atakwenda kwa miguu mpaka barabarani. Lubasha akamsindikiza, na bibi hakumwachia ufagio mpaka walipofika njia panda. Lubasha aliporudi nao nilimsalimu. Alipita.

Jumanne, 17 Juni

Leo wamefunga mafunzo. Vyeti vimetolewa. Jina langu halikuitwa. Enock, aliyekwishaelezwa yote na Getruda, kaniambia kwa upole kwamba ameomba radhi redioni na ameomba isitajwe familia. Upole wake unakera. Doris ndiye anayekwenda Arusha.

Kule shambani Getruda kafuta maandishi yangu kwa patasi ya baba na kuandika ya kwake. Kasema nisikanyage pale mpaka aniite. Hajasema lini.

Jioni Doris kaleta supu. Kasema pole. Nikamwambia sihitaji. Alipoondoka nikainywa. Ni nzuri, na ndilo tatizo.

Nimekaa uani nikimuwaza yule bibi. Sura yake haitoki, lile shavu kwenye saruji. Maisha yake yote katafuta mahali pa kulilia, na kwa siku mbili alipapata. Nani alimpa? Si Enock. Si Doris na kilima chake. Mimi. Nikapitia jambo lote tangu mwanzo, kwa unyofu kabisa, nikaona nilipokosea. Nilitumia kaburi lenye wenyewe.

Na wapo wengine kama yeye. Masasi, Newala, Mtwara, mpaka ng'ambo ya Ruvuma, watu waliopotelewa na ndugu na hawana pa kwenda. Watahitaji pa kulala. Nyuma ya gesti yangu pana uwanja mtupu, hauna mfu wala dada. Masasi nao wanaanza mafunzo yao mwezi ujao, na kule hawanijui. Matuta matatu yatatosha kuanzia. Marefu.

Kesho naazima jembe.