Insha ya Tisini na Tano

Jumatatu, tarehe 9

Insha tisini na nne! Nimezihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Kosa ni langu mwenyewe. Niliwaambia wanafunzi kila mmoja achague neno moja alifafanue kwa kina: maana yake, mipaka yake, kitu kinachofanana nalo lakini silo, mifano ya maisha. Nilidhani watachoka kwenye ukurasa wa kwanza. Hawakuchoka. Arobaini na mmoja wamechagua "upendo". Mmoja amechagua "meza". Kurasa sita!

Na wiki yenyewe mbaya. Mkuu wa idara ya lugha amestaafu. Mwalimu mkuu katangaza kwamba Ijumaa atachagua mrithi, mimi au Bi Kalamu Mbili, kwa kuangalia nani kasahihisha vizuri zaidi. Bi Kalamu Mbili ni jirani yangu wa meza, na darasa lake limepewa swali hilo hilo. Nyekundu ya makosa, kijani ya pongezi. Hata "meza" angeipongeza.

Cheo hicho nakitaka kuliko chakula. Mkuu wa idara ana chumba chenye mlango. Tena mkuu wa idara hasahihishi insha, anagawa tu. Miaka kumi na minne nimesahihisha. Basi, imetosha.

Jumanne, tarehe 10

Nimepata njia! Nasoma aya ya kwanza, nasoma ya mwisho, katikati napima kwa rula. Sentimita arobaini kwenda juu, alama nzuri. Upendo wote nimeumaliza kabla ya kengele ya chai.

Bi Kalamu Mbili alikuwa bado kwenye ya tisa. Akaniuliza, kwa ule upole wake unaoniudhi, kama nimeiona ya mtoto aliyefafanua "mgeni" kwa kueleza baba yake anavyobisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Nikasema nimeiona, inagusa sana. Kumbe ilikuwa kwenye fungu lake! Akatabasamu. Bora angenitukana.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kesho tunabadilishana mafungu kwa usahihishaji wa pili. Insha zina namba, hazina majina, na alama za kwanza ziko kwenye karatasi ya pembeni. Nitaandika insha yangu mwenyewe, niipe namba tisini na tano, niichomeke kwenye fungu linalokwenda kwake. Akiipa alama chache, hajui kazi. Akiipa nyingi, kakiri kwamba mimi ni bingwa. Ijumaa nitafichua mbele ya watu.

Nimefafanua neno "subira". Kurasa nne. Mahali fulani nilikaribia kulia. Mwandiko wangu anaujua, kwa hiyo nimemwomba mke wangu ainakili kitoto. Akauliza kwa nini muda huo nisiutumie kusahihisha. Nikamwambia kidole kimoja hakivunji chawa. Akasema chawa ni wangu, nimvunje mwenyewe. Hata hivyo ameinakili, akinuna.

Jumatano, tarehe 11

Mwalimu mkuu ni mtu wa kuharibu mambo! Eti ili kuepusha upendeleo, kachanganya mafungu yote mawili, kazipa insha namba mpya, kisha kagawa nusu kwa nusu. Jasho lilinitoka. Baadaye nikatulia. Ikiangukia kwangu nitaitambua papo hapo. Nani asiyemjua mwanawe?

Nimemaliza zote kwa rula, haimo. Kwa hiyo iko kwake! Nimeshukuru kwa sauti, mwalimu wa hisabati akanitazama.

Mwanafunzi mmoja tu kanichefua. Hana utangulizi, katumbukia moja kwa moja kama mtu aliyesukumwa mtoni. Tano kwa ishirini. Nimemwandikia maneno makali pembeni.

Alhamisi, tarehe 12

Nimekipima chumba cha mkuu wa idara kwa ajili ya pazia. Mfagizi akaniuliza natafuta nini. Nimemwambia azoee kuniona hapo.

Ijumaa, tarehe 13

Sijui nianzie wapi. Walimu wote walikuwepo. Nikasimama kabla mwalimu mkuu hajasema lolote, nikatangaza kwamba kati ya insha za Bi Kalamu Mbili kuna moja iliyoandikwa na mtaalamu, kuhusu subira, na sasa tusikie kaipa ngapi. Akapekua fungu lake taratibu. Akasema hana. Nikacheka. Akapekua tena. Hana!

Mwalimu mkuu akachukua fungu langu. Akaipata ndani ya dakika moja. Tano kwa ishirini! Akasoma maneno ya pembeni, na wino ni wangu: hujui insha ni nini, umelipua kazi, rudi ukasome swali. Walimu wakaangua kicheko, mwalimu wa hisabati hata kiti kikamponyoka.

Yangeishia hapo ningeweza kujitetea. Lakini mwalimu mkuu akaendelea kupekua. Insha ya "uaminifu", niliyoipa kumi na nane, katikati ina orodha ya wachezaji wa timu nzima na wa akiba, na chini yake ombi kwamba mwalimu akifika hapo aweke alama ya vyema. Hapakuwa na vyema. Kumbe watoto wanajua! Tangu lini?

Mke wangu kaniambia nyumbani, bila hata kugeuka, kwamba alikata utangulizi wangu wote na hitimisho lote. Eti hakuna mtoto anayeanza na "Tangu binadamu alipoanza kupumua". Eti alikuwa ananisaidia. Nimeshindwa kula.

Bi Kalamu Mbili ndiye mkuu wa idara. Agizo lake la kwanza: nizisome upya insha za darasa langu, zote tisini na nne, neno kwa neno. Akaniazima kalamu ya kijani. Imeniuma kuliko kicheko.

Jumatatu, tarehe 16

Nimeanza. Ya kwanza inafafanua "ujanja". Jina halipo, lakini mwandiko ni wa yule binti wa kiti cha mbele asiyeongea. Anasema mjanja si mwerevu, ingawa wanafanana ukiwatazama kwa mbali. Mjanja huamka mapema kutafuta namna ya kutofanya kazi, na jioni huwa amechoka kuliko aliyeifanya. Anasema anamjua mmoja, mwalimu, hapa hapa shuleni. Anasema darasa zima linampenda na kumhurumia, kwa sababu angekuwa mwalimu mzuri kama angekaa tu akawasoma.

Nimeiweka chini kidogo. Macho yaliniwasha. Maskini mtu huyo! Watoto wanamwona hivyo, naye hana habari! Nikawapitia walimu wote kichwani, mmoja baada ya mwingine, na mwishowe nikampata. Nimempa binti kumi na tisa, kwa kijani.

Wakati wa chai nikamvuta mwalimu wa hisabati pembeni. Nikamwambia taratibu, kama ndugu, kwamba watoto bado wanampenda na hajachelewa kubadilika. Akauliza nazungumzia nini. Wajanja ndivyo walivyo, hawakiri.